Msokoto mmoja, milango miwili: barua ya wazi kwa wabunge wa Nakawa

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Nakawa Mashariki na Nakawa Magharibi,

Kazi yangu ni kuchapa barua za watu. Nina kibanda chenye kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi karibu na soko la Nakawa. Kwa miaka mingi nimechapa maombi ya kazi, wasia, kadi za harusi na mikataba ya viwanja ambavyo sijawahi kuvitia machoni. Leo nachapa ya kwangu. Nikikosea itifaki, mtaniwia radhi.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari magereza, na pale Luzira tulikokulia, Mkakwa, Mwacholi, Mnyankole na Mgisu hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania foleni ya bomba. Katiba yenyewe ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Kwa hiyo msije mkadhani barua hii imevuka mpaka kutoka Dar es Salaam. Imetoka kwa mpiga kura wenu.

Shida yangu ni bangi. Enjaga, kama tunavyoiita huku.

Sijui kama mmewahi kulitazama jambo hili kwenye ramani. Makao makuu ya polisi yako Naguru. Mahakama iko Nakawa. Gereza liko Luzira. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Magonjwa ya Akili iko Butabika. Zote nne ziko ndani ya Divisheni yetu hii moja. Kijana wa Kinawataka anaweza kukamatwa, kushtakiwa, kufungwa, kuugua na kutibiwa bila kutoka nje ya Nakawa hata siku moja. Nauli ya boda boda inatosha. Juu ya Divisheni hii limesimama jengo la Mamlaka ya Mapato, ghorofa 22, likitazama yote hayo. Kitu pekee katika safari hiyo ambacho hakitengenezwi hapa ni sheria. Hiyo inatengenezwa kule kwenu Bungeni, ndiyo maana nimewaandikia nyinyi na si afande wala hakimu.

Acheni nianze na kilichonifikisha kwenye kalamu. Asubuhi moja alikuja kibandani mama anayeuza nyanya sokoni, mtu ninayemfahamu kwa sauti kabla ya sura, maana hunadi kuanzia alfajiri. Siku hiyo alikuwa kimya. Mwanawe, wa miaka 20, alikuwa amechukuliwa usiku kwenye steji ya abiria na kabangali, pikapu ya doria ya polisi. Walimpekua wakakuta kisanduku cha kiberiti, na ndani ya kiberiti nusu ya msokoto. Nusu, Waheshimiwa, nusu ya kwanza alikuwa ameshaivuta. Mama alitaka barua ya kumpelekea mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji, agonge muhuri, ili ajulikane kuwa ni mkazi na anaweza kumdhamini mwanawe. Nikaichapa. Aliponilipa, noti za elfu moja moja zilikuwa na unyevu na harufu ya majani ya nyanya, nikamrudishia. Akasema niziweke tu, hizo ndizo zilizobaki. Zilizotangulia zilikwisha kituoni. Ukutani mwa kituo kile, ambacho sitakitaja, limebandikwa tangazo kwamba bondi ya polisi ni bure. Mama yule anajua kusoma. Alilisoma, akalipa, na bado kijana hakutoka.

Mtaji wa makreti mawili ya nyanya uliishia pale. Kijana akapelekwa mahakamani, akakaa mahabusu wiki kadhaa, akarudi amekonda na amejuana na watu ambao mama yake asingependa awajue. Nguo alizorudi nazo zilichomwa nyuma ya nyumba kwa sababu ya chawa.

Sasa, msije mkasema huyu mchapaji naye ni mvutaji anayejitetea. Sivuti. Nyumbani kwetu bangi tunaijua kwa ubaya wake. Mdogo wangu alianza kuivuta akiwa na miaka 15, nyuma ya mwembe uliokuwa kando ya nyumba za askari, na alipofika 19 redio ilikuwa inamsema kwa jina. Alitandika kitanda chake chini ya meza ili wasimwone. Wataalamu wa akili wamekuwa wakilisema jambo hili kwa miaka: anayeanza mdogo, akavuta kila siku, tena bangi kali, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuchanganyikiwa kuliko anayeanza ukubwani, na kama ukoo una ugonjwa huo hatari inazidi. Kwa hiyo ndugu zangu wanaosema bangi ni mmea tu, haina neno, waje niwaoneshe ile meza.

Lakini nisikilizeni hapa. Baba alimshika mkono mdogo wangu akampeleka Butabika. Hospitali ile iko pale tangu 1955, ina vitanda vipatavyo 550 na watu daima ni wengi kuliko vitanda, na bado wauguzi wake walimhudumia kama mtu. Ina kitengo maalumu cha walevi wa pombe na dawa za kulevya. Alikaa, akatibiwa, akatoka. Leo anakaanga chapati na anameza vidonge vyake bila kukumbushwa. Kwa miaka yote minne aliyokuwa anavuta, hakuna doria iliyompekua. Baba alikuwa na sare. Sare ile ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya nguo mbele ya mlango wetu, na kila mwenye kabangali aliiona. Mtoto wa muuza nyanya alivuta nusu msokoto, mlangoni kwao hakuna kinachoning'inia ila kapu.

Baba alikufa bila kulisema hili, mimi nalisema.

Tuje kwenye sheria. Mnaijua kuliko mimi, lakini wapiga kura wenzangu watakaoisoma barua hii huenda hawaijui. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria kali ya kudhibiti dawa za kulevya, ikaanza kutumika 2016. Mwaka 2017 wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso, wale wanaouza tunachokiita mairungi, wakaenda Mahakama ya Katiba kuilalamikia. Tarehe 5 Mei 2023 mahakama ikaifuta. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kuipitisha haikuthibitishwa kwamba akidi ilitimia, theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura. Sheria iliyokuwa imewapeleka watu gerezani kwa miaka saba ilianguka kwa kukosa hesabu ya vichwa. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Bunge likapitisha nyingine, Rais akaitia saini.

Bangi katika kesi ile ilidandia tu. Aliyelipa wakili ni mtu wa miraa. Hakuna aliyesimama mahakamani kuuliza kama ni haki nusu ya msokoto na gunia la misokoto viwe chini ya kosa lenye jina moja, kupatikana na dawa za kulevya, lenye kifungo cha miaka na faini ya mamilioni. Swali lile halikujibiwa 2014, halikujibiwa 2023. Kama ulifanyika mkutano hapa Nakawa wa kutuuliza maoni kabla sheria mpya haijapita, haukupita mbele ya kibanda changu, na mbele ya kibanda changu hupita kila kitu, hadi maandamano ya mitumba.

Wakati swali la msokoto linasubiri, mlango mwingine ulifunguliwa upande wa pili wa nchi. Huko Hima, wilaya ya Kasese, kampuni ya Industrial Hemp (Uganda) Limited ikishirikiana na Together Pharma ya Israeli ilijenga vitalu nyumba vya kulima bangi ya dawa, ya kuuzwa nje. Ni mmea uleule. Makampuni mengine yakapanga foleni Wizara ya Afya kuomba kibali, mawaziri wakavutana, na masharti yaliyotangazwa mwanzoni mwa 2020 yalisema mwombaji awe na mtaji usiopungua dola milioni 5 pamoja na dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4. Kwa thamani ya wakati ule, dola hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 18.

Nilipiga hesabu hiyo kwenye mashine yangu, nikairudia. Sifuri zilijaa kioo.

Sina ugomvi na dawa. Kama mafuta ya mmea ule yanampunguzia mgonjwa wa saratani kichefuchefu au yanatuliza kifafa cha mtoto, atakayeyazuia ana moyo mgumu. Wala sina ugomvi na dola. Ninachowauliza ni hiki: mtu akiukuza mmea huu kwa bilioni 18 anaitwa mwekezaji, akikutwa nao wa shilingi elfu mbili anaitwa mhalifu, na kati yao wawili, anayejulikana kwamba atautoa nje ya mikono yake na kuuingiza kwenye mwili wa mtu mwingine ni yule wa kwanza. Mtasema tofauti ni leseni. Ni kweli. Basi tuzungumze leseni, maana Uganda tulishapita njia hii, na tuliharibu.

Waheshimiwa, mnakumbuka enguli? Wazee wetu wa kambini walikuwa wakiiita waragi, jina lililotokana na araki, kinywaji cha askari wa Kinubi. Serikali ya kikoloni ilimkataza Mwafrika kuipika. Uhuru ulipokuja, mwaka 1965 ikatungwa Sheria ya Enguli: hakuna kupika wala kuuza bila leseni, na mwenye leseni apeleke alichopika kiwandani, kikasafishwe na kutiwa kwenye chupa yenye lebo. Ndiyo Uganda Waragi mnayoiona hotelini, yenye heshima zake, inayopigiwa picha na watalii. Mama aliyekuwa anapika chini ya mgomba hakupata leseni. Hakujua hata inaombwa wapi. Aliendelea kupika, safari hii akijificha, akihonga, akikimbia na pipa. Mpaka leo enguli inapikwa nchi nzima, na ile kali inayouzwa kwenye vichochoro vya Kampala watu wanaiita kasese. Ndiyo, Kasese ileile ya vitalu nyumba.

Na kwa kuwa alipika akijificha, hakuna aliyepima alichopika. Mwaka 2010 watu kwa makumi walikufa upande wa Kabale kwa waragi iliyokuwa na methanoli. Sheria ya leseni ilikuwepo, miaka 45. Ilikuwa inamlinda nani?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaotaka tu bangi iachiwe. Nimeona pombe ilivyoachiwa. Mnakumbuka vile vipakiti vya waragi, vya shilingi mia tano, vilivyokuwa vimening'inizwa kwenye maduka kama pipi? Mtoto wa shule alikinunua akakitia mfukoni mwa sare. Serikali ilivipiga marufuku 2019, na naamini ni moja ya mambo mema ambayo nchi hii imefanya kuhusu ulevi. Mwenye kiwanda hakufungwa wala mnywaji hakupandishwa kabangali. Kilichoguswa ni kipakiti: ukubwa wake, bei yake, urahisi wake wa kumfikia mtoto. Wenye viwanda wamehamia kwenye chupa ndogo za plastiki, wajanja hawaishi, lakini mbele ya shule ya msingi iliyo karibu nami siokoti tena vipakiti asubuhi. Udhibiti wa kweli nilioushuhudia kwa macho yangu ni huo.

Bangi leo haina udhibiti huo hata chembe. Imekatazwa, kwa hiyo hakuna anayeuliza umri wa mnunuzi. Hakuna anayepima ukali wake, wala anayejua imechanganywa na nini. Mtoto wa miaka 15 ananunua kwa urahisi kuliko bia, kwa kuwa mwenye baa ana leseni ya kupoteza na muuza bangi hana. Mdogo wangu aliuziwa wakati sheria inakataza. Tena aliuziwa hatua mia mbili kutoka ukuta wa gereza.

Nchi nyingine zinatafuta njia. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anayevuta faraghani kwake si wa kushtakiwa, na 2024 Rais Ramaphosa akatia saini sheria yake. Rwanda, ambayo hakuna awezaye kuiita nchi legelege, iliruhusu 2021 kilimo cha bangi ya dawa ya kuuza nje huku ikiendelea kuwakamata wavutaji. Milango miwili kama sisi. Umoja wa Mataifa nao, Desemba 2020, uliitoa bangi kwenye lile kundi la dawa hatari zaidi zisizo na faida, kwa kura 27 dhidi ya 25. Mnaona palivyobanana. Bado iko chini ya mkataba wa dawa za kulevya wa 1961, bado inadhibitiwa, ila dunia haisemi tena kwa sauti moja. Kenya ilipiga kura ya kukataa, na miaka miwili baadaye ikapata mgombea urais, Profesa Wajackoyah, aliyeahidi kulipa deni la taifa kwa bangi, nyoka na mapumbu ya fisi. Alipata chini ya asilimia moja. Nilicheka kama kila mtu. Baadaye nikaona hasara yake: tangu hapo ukilitaja jambo hili, mtu anakuuliza habari ya fisi.

Najua mtakachojibiwa kwenye vikao vya usalama. Kwamba wale vijana wanaovamia watu na mapanga usiku huanza kwa kuvuta. Huenda. Wengine huanza kwa waragi, na wengine huanza wakiwa wakavu kabisa. Panga lina sheria yake, wizi una sheria yake, na mwizi aliyenivunjia kibanda siku moja na kuondoka na printa angekamatwa, ningeshangilia. Kabangali ile iliyokuwa inapekua viberiti kwenye steji usiku ule haikuwa inamtafuta yeye. Wazee wa Kampala wanaijua operesheni ya aina hiyo na jina lake la Kiswahili, *panda gari*, tangu miaka ya 1980, askari walipokuwa wanazoa mtaa mzima kwanza na kuuliza maswali baadaye. Magereza yetu yamebeba watu zaidi ya mara tatu ya nafasi yake, na karibu nusu yao ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Baba angekuwa hai angewaeleza maana yake: watu kulala kwa zamu, na askari mmoja kushika funguo za watu ambao hawezi hata kuwahesabu vizuri kabla jua halijatua.

Ninachoomba si kikubwa. Leteni Bungeni muswada wa kukirekebisha kifungu cha kupatikana na dawa za kulevya. Andikeni gramu. Andikeni kwamba mtu mzima aliyekutwa na kiasi kidogo cha bangi cha kuvuta mwenyewe haendi gerezani. Alipe faini ya kulipika au apelekwe kwa mshauri, na asibaki na rekodi ya jinai itakayomfukuza kazini maisha. Anayemuuzia mtoto, huyo mkazieni; sitachapa barua ya kumwombea. Kiasi kikiandikwa, na afande wa kwenye steji atakosa cha kupatana bei.

Na vibali vya mabilioni, visubiri hapo. Siku mkivifungua, wekeni mlango ambao hata ushirika wa wakulima wa ekari mbili mbili unaweza kupita, tusije tukazaa enguli nyingine. Kodi itakayopatikana, ile itakayopelekwa ghorofa 22, sehemu yake ishuke mwendo mfupi hadi Butabika ikanunue vitanda. Na siku ya kuupitisha muswada huo, hesabuni vichwa.

Jambo dogo la mwisho, na hili ni la mchapaji. Sheria hii ya dawa za kulevya tunaisoma kwa Kiingereza. Mama muuza nyanya alinishikilia karatasi ya mashtaka ya mwanawe akaniuliza imeandikwa nini, nami nikamfasiria sentensi kwa sentensi, nikijua kwamba neno moja nikilikosea nitamnyima usingizi bure. Itafsirini kwa Kiswahili na Kiganda. Mkikosa mtu wa kuichapa, nipo.

Leo ni Jumapili. Kesho nitafungua kibanda saa moja asubuhi, nusu saa kabla ya kawaida. Jumatatu barua za wadhamini huwa nyingi, kwa sababu doria hupita Ijumaa usiku. Nimeshanunua karatasi.

Wenu,
Mchapaji wa barua, soko la Nakawa